Kufuli Lililosuguliwa kwa Sabuni

Mwaka wa tatu wa kemia, nikibobea kwenye uchunguzi wa makosa ya jinai, nilikuwa sishikiki. Hata kikombe cha chai nilikiangalia kama kielelezo cha mahakamani. Basi stoo ya bibi kule mlimani ikavunjwa, kahawa ikaibwa, na ukoo mzima ukaamua polisi wa nini wakati mtaalamu tunaye. Nikapanda kutoka mtaa wa Sakina, mjini nilikopanga chumba, glavu mfukoni.

"Shikamoo, bibi. Kufuli liko wapi?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Tumekuandalia."

Waliliandaa kweli. Lilikuwa limesuguliwa kwa sabuni na majivu na kufungwa kwenye kitambaa cheupe, maana msomi hapewi kitu kichafu. Sakafu ya stoo nayo ilipigwa deki. Alama za vidole kwaheri, nyayo kwaheri. Baba mdogo ndiye aliyejitolea kufanya usafi wote, peke yake, tangu alfajiri. Nilimpa mkono kwa heshima, kisha nikawahutubia watu nusu saa kuhusu kemia ya damu.

Wiki iliyofuata baba mdogo aliuza magunia mawili ya kahawa. Hana hata mche mmoja.