Tawi Nyuma Yangu

Bwana asifiwe, na ndugu zangu Waislamu mliokuja kunisikiliza, asalaam aleikum. Mnaonijua mnajua kwamba kabla ya ugonjwa wa malale nilikuwa mwanamke wa miguu. Miaka ile ya ruksa, mitumba ilipoanza kuja na treni, wenzangu hapa Kintinku waliweka meza sokoni. Mimi siwezi kukaa kumngoja mtu aje kupapasa sketi na kuondoka. Nilifunga nusu belo ya nguo mgongoni kwa mikanda ya mpira wa tairi, nikawafuata warina asali huko ndani ya vichaka vya Itigi. Nilikwenda na wifi yangu Nyemo, dada wa mume wangu. Tulivuka mbuga kavu, tukapanda mlima wa Kilimatinde na kuingia porini, siku kadhaa kwa miguu. Niliipenda sana kazi ile.

Msimu mmoja tukakuta njia imefungwa. Gogo limelazwa, na ubao unasema mbung'o wamezidi, watu wazunguke kwa barabara kubwa.

"Mama Yona, turudi," Nyemo akasema.

"Tukizunguka, wachuuzi wa Manyoni watatuwahi mnadani kwa warina asali. Ruka gogo."

Akaruka. Mimi ni mbishi, naye ananijua.

Mbung'o ni nzi anayeng'ata hata juu ya nguo, na hupenda kukujia kwa nyuma. Kwa hiyo porini watu hutembea kwa mstari, kila mmoja ameshika tawi la majani, akimpepea mwenzake wa mbele. Wa mwisho hana wa kumpepea.

Wa mwisho nilikuwa mimi. Ilikuwa saa saba mchana, na pori lilikuwa kimya, hata ndege hakulia. Nikasikia nyuma yangu: shwaa, shwaa. Upepo mdogo ukanigusa shingo, nzi wakaniacha. Mpigo ulikuwa uleule niliokuwa nampepea nao Nyemo. Nilijua nyuma yangu hakuna mtu. Mzigo ulinizuia kugeuka, na hata ningeweza nisingegeuka. Niliogopa, na huku nikashukuru, maana shingo ilikuwa imepumzika.

Tulipotokea mahali peupe, sauti ikakoma. Nyemo akauliza, "Mbona nilikuwa nasikia matawi mawili nyuma yangu?"

Nikamwambia ni masikio yake.

Nyumbani likanitoka jipu nyuma ya bega, jekundu na gumu. Ikafuata homa. Zahanati wakanichoma sindano za malaria, homa ikashuka, kisha ikarudi. Matezi ya shingo yakavimba kama kunde zilizolowekwa. Hedhi ikakoma. Halafu ukaja usingizi. Nilisinzia na tonge mkononi. Uji ulinimwagikia kifuani, nikauona, nisijali.

Kila nilipofumba macho mchana nilikuwa njiani. Shwaa, shwaa. Mzigo sina, tawi ninalo, na mbele yangu kuna mgongo wa mtu, lakini si wa Nyemo. Mbele yake mwingine, na mwingine, mstari mrefu unaingia vichakani. Wote wanapepeana, na hakuna anayegeuka.

Siku moja mume wangu alinikuta nyuma ya nyumba nimeshika tawi, naupepea ukuta.

"Mama Yona, unafanya nini?"

Nilimtazama nisimjue.

Mama mkwe akasema nimerogwa, nipelekwe kwa mganga. Hapo Nyemo, ambaye hajawahi kumjibu mama yake, akasimama. "Mama, tulipita njia iliyofungwa. Ni mbung'o. Mimi sitakaa kimya huku wifi anakufa."

Wakanibeba kwa kitanda hadi stesheni, tukaenda hospitali ya misheni. Daktari alipima damu, kisha akanichoma uti wa mgongo kutoa maji. "Wadudu wameshaingia kichwani," alimwambia mume wangu. "Dawa ipo, lakini ni kali. Kuna wanaokufa kwa dawa yenyewe."

"Mpe," akajibu, kisha akatoka nje kulia.

Dawa ile inapita kwenye mshipa kama pilipili. Nilitapika, nilitetemeka, nilijisaidia kitandani. Kule njiani, mgongo wa mbele ulikuwa umenikaribia mno, nikinyoosha mkono naugusa. Ndipo sindano nyingine ikaingia, ikaniuma vibaya, nikafumbua macho na kumtukana daktari. Nyemo akacheka huku machozi yanamtoka. "Karudi! Huyu ndiye wifi yangu."

Namshukuru Mungu, namshukuru yule daktari niliyemtukana, na mume wangu. Ninyi mnaonisikiliza, mkimwona mtu anasinzia mchana na kukesha usiku, msianze kutafuta mchawi. Mpelekeni hospitali, na semeni njia aliyopita. Na njia ikifungwa, zungukeni. Mnada hauna thamani hiyo.

Siku tuliyorudi, tuliposhuka treni, Nyemo alivunja tawi kando ya reli. "Tangulia," akasema.

"Huku hakuna mbung'o."

"Tangulia tu."

Nikatangulia. Shwaa, shwaa, shingoni. Nilisimama katikati ya njia, nikihesabu nimekwisha, bado niko kulekule kwenye mstari.

"Wifi," sauti ikasema. "Geuka."

Sikuwa nimegeuka tangu porini. Nikageuka. Alikuwa Nyemo, amekonda kwa kuniuguza, tawi mkononi.

"Umeniona?"

"Nimekuona."

"Haya. Twende nyumbani, watoto wanatungoja."