Bata Niliyemtupa Kilimani

Nakumbuka siku moja ya mwezi wa sita, mwanangu, baridi ya Ufipa ikiuma mpaka kwenye meno, nilipomkamata bata kwa mikono yangu hii na kumharibia maisha.

Leo ukifika Kizwite ukauliza mashine za kusaga ni za nani, hata mtoto atakuonyesha nyumba yangu. Shule niliiacha darasa la nne. Lakini injini ikikohoa ng'ambo ya barabara, mimi najua inaumwa nini kabla fundi hajashika spana. Najisifu, ndiyo. Jasho ni langu.

Wakati ule nilikuwa najifunza kazi kwenye mashine ya Mzee Klemensi, kijijini kwetu njia ya Namanyere. Wenzangu wote walishashuka Kabwe kutafuta maisha ziwani. Mmoja akaja kusalimia, kavaa kofia mpya, akaniambia mbele za watu, "Mshikaji, bado upo? Tulijua umeshaota mizizi." Watu wakacheka. Nikafunga nguo zangu kwenye mfuko wa mbolea, ule wa salfeti, nikauficha nyuma ya mashine, kesho niondoke.

Sasa, bondeni chini ya mashine palikuwa na dimbwi. Mvua zikianza huja bata mwitu wa mbali, wa huko kaskazini kwenye theluji. Zikikatika, wanarudi kwao kuzaa. Mwaka ule alibaki mmoja. Kila nikitazama yupo, anazunguka matete. Nilimchukia, mwanangu. Nilikuwa najiona mimi.

Basi nikamvizia, nikamkamata, nikapanda naye hadi ukingo wa kilima. "Wafuate wenzako," nikamwambia, nikamrusha. Akapiga mabawa mara mbili, tatu, akaanguka kwenye mawe kama bonge la udongo, bawa moja likavunjika.

Mzee Klemensi alinikuta nimempakata. Hakufoka. Alifuta grisi vidoleni, akalikunjua bawa lililo zima.

"Tazama."

Manyoya ya kurukia yalikuwa mafupi, na mirija yake bado ina damu ndani.

"Huyu bado mtoto," akasema. "Hajafikia kuzaa, aende kufanya nini? Wengine hubaki kwa jeraha, wengine hawakunenepa vya kutosha kwa safari ile. Huyu alikuwa anaota manyoya mapya. Angeondoka nao mwakani."

"Nilidhani mvivu, mzee."

"Na mfuko wako nimeuona. Injini hujawahi kuifungua peke yako, ukaifunga, ikawaka. Sasa nijibu: unaondoka, au unatupwa kama ulivyomtupa huyu?"

Nikafungua mfuko, nikabaki. Mwaka uliofuata nilishuka Kabwe na spana zangu, injini zote za pale zinanililia, na yule wa kofia ndiye aliyenibebea sanduku. Muulize, yupo.

Lakini bata bawa lake liliunga vibaya. Akaishi na kuku wa mzee. Mvua zikaja, wenzake wakatua bondeni. Walipoondoka aliwafuata kwa miguu mpaka matete yanapoishia, akasimama pale. Mimi ndiye niliyembakisha. Mpaka leo mvua zikikatika siwezi kukaa kitini. Natoka nje, naingia, natoka tena, natazama juu.

Ndiyo maana nakuandikia. Nasikia umefunga begi, wenzako wa Tunduma wanakutumia picha kwenye simu, na ufundi wako wa kuchomelea umebakiza miezi mitatu. Mwanangu, kutangulia si kufika, na mbio za sakafuni huishia ukingoni. Kuondoka sikukatazi, mimi mwenyewe niliondoka. Lakini kwanza likunjue bawa lako, ulitazame mwenyewe. Ukiona damu, subiri, hata wakucheke. Manyoya yakishakomaa, nenda, hata sisi tukilia. Na ukimwona mwenzako kabaki, usimcheke wala usimsukume, hujui manyoya gani yanamwota.

Mungu akuoteshe manyoya bila haraka, akupe upepo wa safari yako, na mvua zitakaporudi akulete mzima, unikute nje hapa natazama juu.