Ufukwe Niliomchagulia Mwalimu Qamara

Nakumbuka asubuhi moja ya mwezi wa sita, ukungu ukiwa bado umeikalia Karatu, Mwalimu Qamara alipoingia ofisini kwetu amevaa koti lake la kanisani, akaniomba nimchagulie ufukwe. Alisema hivyo hivyo, kama mtu anayeomba achaguliwe mbegu dukani. Mwanangu, kaa vizuri unisikilize, maana mwanzo wa habari hii unaweza kukuchekesha, na mimi sitaki ucheke mpaka nimalize.

Wewe leo unafanya kazi ile ile niliyoifanya mimi. Nakuona pale kwenye ofisi za utalii za barabara ya lami, simu mkononi. Wageni wametoka kreta kutazama wanyama, na vumbi lao, wanakuuliza sasa waende ufukwe gani Unguja, nawe unawajibu haraka haraka bila hata kuinua macho. Juzi nilikusikia ukimwambia mama mmoja wa Kizungu kwamba ufukwe fulani ni mzuri miezi yote. Nilitaka kukuuliza wewe ulikuwa huko mwezi gani, nikaona nisikuaibishe mbele ya mgeni. Ndiyo maana nimekuita leo.

Mimi nilizaliwa Buger, kwenye mashamba ya ngwara na mahindi. Maji mengi niliyokuwa nimeyaona maishani ni ya ziwa Manyara, nayo niliyaona nikiwa juu kabisa kwenye ukingo wa bonde, na ya Eyasi, ambayo kwa miezi kadhaa ya mwaka huwa hayapo. Bahari sikuwa nimeiona hata kwa mbali. Lakini ofisini mimi ndiye niliyeitwa mtaalamu wa bichi. Ilianza kama utani wa madereva, kwa sababu nilipenda kusoma vipeperushi vilivyokuwa vikiletwa kutoka Unguja, mwisho utani ukawa cheo. Nilijua majina yote. Nilijua kaskazini watu wanaogelea kutwa, mashariki kuna utulivu na upepo, na nikisimulia mchanga ule ungedhani nimeulalia. Wageni waliokwenda Unguja hawakurudi Karatu kutoa malalamiko, walipandia ndege huko huko wakaenda kwao, kwa hiyo hakuna aliyewahi kuniumbua. Kichwa kikavimba. Nikanunua na miwani ya jua, mwanangu, katika mji wenye ukungu.

Sasa huyu Mwalimu Qamara hakuwa mgeni. Ndiye aliyenifundisha darasa la kwanza, ndiye aliyenishika mkono nikaandika jina langu mara ya kwanza. Alikuwa amestaafu, analima mbaazi zake Endamarariek pamoja na mkewe, Mama Veronika. Mtoto wao wa kiume, Danieli, aliyekuwa akifanya kazi Arusha, alikuwa ameamua wazazi wake waone bahari kabla uzee haujawafunga miguu. Kila kitu alikuwa amekipanga, isipokuwa mahali penyewe pa kufikia. Hapo alimwachia baba yake achague, na baba yake akaja kwangu.

"Tluway," aliniambia, "mimi bahari naijua kwenye ramani tu. Wewe ndiye umeyasoma mambo haya. Mama yako anaogopa maji. Tutafutie mahali pasipo na mawimbi."

Nilifurahi kupita kiasi. Mwalimu wangu, mtu mzima yule, amekaa upande wa pili wa meza ananisikiliza mimi! Nikamwonyesha picha za pwani ya mashariki. Nikamweleza kwamba huko mwamba uko mbali, mawimbi yanavunjikia kule nje, na karibu na nchi kavu maji ni ya magotini tu. Hayo yalikuwa kweli, niliyasoma. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akauliza swali moja ambalo kwenye vipeperushi halikuwamo.

"Nimesikia huko maji yanaondoka kabisa, yanaacha mchanga mtupu. Yakiondoka, mtu anaweza kutembea?"

Mwanangu, mezani palikuwa na simu. Upande wa pili wa simu ile alikuwapo mwenyeji wetu wa Unguja aliyekuwa akipokea wageni, mtu aliyezaliwa pale pale ufukweni. Ningempigia tu. Lakini kumpigia mbele ya Mwalimu ingekuwa kukiri kwamba mtaalamu hajui. Nikaangalia simu, nikaangalia uso wa Mwalimu uliokuwa ukinitazama kwa fahari, nikajibu kwa maji niliyoyajua mimi.

"Ni kama Eyasi, Mwalimu. Maji yakishaondoka, tembeeni mpaka mchoke."

Uso wake ukachangamka. Eyasi aliijua. Ujanani alishuka huko na wenzake kufuata chumvi ya ng'ombe, wakavuka katikati ya ziwa kwa miguu, siku nzima ardhi kavu chini ya nyayo zao. Sisi watu wa juu huku, maji ya ziwa yakiondoka tunajua yameondoka, tutayaona tena mvua zikinyesha. Hakuna kati yetu wawili aliyewaza kwamba kuna maji yanayoondoka asubuhi na kurudi mchana. Kwake yeye halikuwa kosa, alikuwa amekuja kuuliza. Mimi ndiye niliyekaa kwenye kiti cha kujibu.

Walisafiri wiki iliyofuata. Siku ya tatu simu ile ile ya mezani ikalia. Alikuwa mwenyeji wetu wa Unguja, na sauti yake sikuitambua. Alisema mzee amekufa maji.

Yaliyotokea nilikuja kusimuliwa na Mama Veronika mwenyewe, na nakusimulia kama nilivyoyapokea. Waliamka wakakuta bahari imekwenda mbali, mchanga mtupu na vidimbwi, na kule mbele kina mama wameinama kwenye mashamba yao ya mwani. Mwalimu akakunja suruali, akavua viatu, akamshika mkewe mkono wakaingia. Alikuwa na furaha ya ajabu, anaokota makombe, anamwita mkewe aje aone. Walitembea sana. Mama akachoka, akasema anarudi kukaa kivulini. Mwalimu akampa viatu vyake amshikie, yeye akaendelea kuelekea mwambani.

Baadaye kina mama wa mwani wakaanza kurudi na mizigo yao. Mmoja wao akamwita Mwalimu kwa sauti, akampungia mkono arudi. Naye akampungia, kwa adabu zake zile, akaendelea kuinama kwenye vidimbwi. Maji hayakumjia kutoka mbele alikokuwa akitazama. Yalijaza kwanza mkondo uliokuwa nyuma yake, kati yake na nchi kavu, na alipogeuka mkondo ule tayari ulikuwa na kina. Mtu wa Endamarariek kuogelea angejifunzia wapi? Wavuvi walipomfikia na mtumbwi alikuwa ameshamalizika, na mkewe alikuwa amesimama ufukweni anaona yote.

Tulimzika nyumbani kwake. Watu walijaa, wanafunzi wake wa miaka yote, na kila aliyesimama alisema ni ajali na ni mapenzi ya Mungu. Mimi nami niliombwa niseme machache kwa niaba ya wanafunzi. Nilisimama, nikaeleza alivyotufundisha kusoma, nikalia, watu wakalia nami. Kuhusu Eyasi sikutamka neno. Nilijua nina cha kusema, nilikuwa nacho mdomoni kabisa, nikakimeza na nikakaa. Danieli alikuwa mbele yangu, ameinamisha kichwa, na alipotakiwa kuweka udongo kaburini alirudi nyuma, jirani akamsaidia.

Siku chache baada ya matanga kuanuliwa, Mama Veronika akaniita. Nilimkuta uani anapeta maharage. Nikamwamkia, akaitikia, akanionyesha kigoda. Aliendelea kupeta, na mimi nilianza kutumaini kwamba ameniita kwa jambo dogo tu.

"Tluway," alisema, "bahari uliiona wapi?"

"Sijaiona, Mama."

Akaweka ungo chini.

"Yule mama wa mwani asubuhi ile alituambia tusiende mbali, maji yatarudi. Mimi nilimsikia. Nikamwambia mume wangu, tumsikilize huyu. Unajua alinijibu nini? Alisema, huyu hatumjui, Tluway tunamjua."

Mwanangu, nimeishi miaka mingi na nimesemwa vibaya na watu wengi, tena wengine kwa haki. Hakuna maneno yaliyowahi kunikata kama hayo, na aliyasema kwa upole, hakunipigia kelele. Nikapiga magoti, nikaanza kuomba radhi. Akanizuia.

"Mimi usiniombe radhi leo. Danieli halali wala hali. Anasema yeye ndiye aliyemuua baba yake, kwa kumpeleka kwenye maji. Nenda kamwambie ulivyomwambia Mwalimu. Nenda kabla hajazoea kujiita muuaji."

Nikasema nitakwenda. Na hapa ndipo penye kosa langu la pili, ambalo mimi naliona kubwa kuliko la kwanza. Lile la kwanza lilikuwa la mpumbavu. Hili lilikuwa la mtu anayejua. Sikwenda wiki ile. Nikasema wageni wamekuwa wengi, msimu umepamba moto. Msimu ukaisha, nikasema mvua zimeharibu njia. Arusha kutoka Karatu ni safari ya asubuhi moja, mwanangu, lami tupu, na mimi nilikuwa nikienda huko kwa shughuli za ofisi nikipita karibu na anapofanyia kazi. Niligeuzia uso upande mwingine kila nilipopita.

Nilikwenda mwaka ulipokaribia kutimia. Danieli alikuwa amekonda, kazini wamempa likizo ambayo hakuiomba, mkewe amekwenda kwao na watoto kwa sababu nyumba haikukalika tena. Nikamweleza yote, ofisi, simu mezani, Eyasi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilitegemea atanipiga, na nilikuwa nimejiandaa kupigwa.

"Ungeniambia siku ya mazishi," alisema, "ningemlilia baba yangu. Mwaka mzima sijamlilia. Nimejililia mimi, kama mfungwa."

Akasimama akanifungulia mlango. Nilitoka. Mkewe alirudi baadaye, namshukuru Mungu kwa hilo, na yeye mwenyewe alinyanyuka kidogo kidogo. Lakini tangu siku ile hanijui. Tulikutana msibani kwa mama yake, akanipa mkono kama wanavyopeana mkono watu wasiojuana, akapita kwa mwingine. Mama Veronika alikuwa amenisamehe kabla ya kufa, aliniambia hivyo kwa kinywa chake. Danieli sijamdai msamaha. Sina haki hiyo.

Mwaka ule ule nilikwenda Unguja peke yangu. Nilikwenda mpaka ufukwe ule niliomchagulia, nikakaa siku mbili nikiyaangalia maji yanavyoondoka na kurudi, mara mbili kila siku. Nikawauliza kina mama wa mwani, wakaniambia siku za mwezi mpevu yanakwenda mbali zaidi na kurudi kwa nguvu zaidi. Walinijibu kwa mshangao, kwa sababu kwao hilo si jambo la kuulizwa na mtu mzima. Ufukwe wenyewe ni mzuri, sikudanganyi. Ni mzuri sana, na ilinichoma kuona ulivyo mzuri.

Basi nasaha yangu kwako naisema wazi, usije ukasema mzee alizunguka. Mtu akikuuliza ufukwe, kabla hujamtajia jina muulize yeye kwanza. Anajua kuogelea? Ana watoto, ana mzee, anaogopa nini? Kisha wapigie watu wa huko, siku hiyo hiyo, uwaulize maji yanapwa saa ngapi na kujaa saa ngapi, upepo wa mwezi huo unavuma kutoka wapi, na nani yupo ufukweni wa kumsikiliza. Umwambie mgeni kwamba huyo wa huko, hata kama hamjui, ndiye wa kumwamini kuliko wewe. Na usilijibu jambo la mahali pengine kwa mazoea ya kwenu, hata kama yanafanana kiasi gani. Kama hujui, sema hujui, useme mbele ya mwalimu wako, mbele ya mchumba wako, mbele ya yeyote unayetaka akuone mkubwa. Na siku ukikosea, maana utakosea, usimwache mtu mwingine aubebe mzigo wako hata kwa siku moja. Siku hiyo hiyo nenda. Nenda ukiwa unatetemeka.

Sasa inamisha kichwa nikuombee, kama tunavyoombeana huku kwetu. Mungu akulinde wewe na wote watakaouliza njia kwako. Akupe ulimi usioona haya kusema sijui. Wanaokuamini warudi makwao wazima, wakusimulie walichokiona, nawe uwasikilize kama mwanafunzi. Kaburi lolote utakaloliwekea udongo, Mungu akujalie ulie ukiwa huna neno ulilolimeza. Na iwe hivyo kwako, mwanangu, hata kama kwangu haikuwa.