Mfalme wa Wake Sita Kwenye Mkeka wa Bibi

Mwaka jana, nikiwa mwanafunzi Uingereza, nilipelekwa kutembezwa kasri moja la kale nje ya London. Nilipofika mbele ya picha ya yule mfalme wa ukoo wa Tudor, kajishika kiuno, mabega mapana kama mlango, nikacheka peke yangu. Mimi na mfalme huyo tunajuana tangu utotoni mwangu, kule Jeddah.

Tulikaa mtaa wa Al-Mahjar, mimi na Bibi, aliyehamia huko kutoka Unguja akiwa msichana. Mama yangu alifariki nikiwa mchanga. Kila Ijumaa mchana Bibi alikaanga vitumbua, nyumba nzima ikinukia iliki, na Anti akatutembelea. Anti alikuwa Mkenya, mfanyakazi wa ndani kwenye nyumba ya matajiri. Ijumaa moja alikuja na kitabu kikubwa cha Kiingereza cha picha na makasri ya kale, jalada limechanika. Madam wake alikuwa akisafisha makabati, akamwambia, "Halas, tupa." Anti hakukitupa.

Tukakifungua mkekani, yeye akisoma na kutufasiria.

"Huyu alioa mabibi sita."

Bibi aliacha kugeuza vitumbua. "Sita? Hata sisi mwisho wanne."

"Si wote pamoja, Mama. Akichoka na mmoja, anatafuta mwingine. Wawili aliwakata vichwa."

Bibi akamtazama mfalme kwa muda. "Na soksi zake nyeupe hizo."

Ukurasa uliofuata alikuwapo bintiye, msichana wa nywele nyekundu. Anti akasoma kwamba mamake aliuawa kabla mtoto hajatimiza miaka mitatu. Nikamzuia mkono asifunue mbele.

"Sasa nani alimlea?"

Anti alitafuta kwa kidole, mstari kwa mstari, kisha akatabasamu. "Yaya. Imeandikwa hapa. Halafu akakuwa malkia, akatawala miaka mingi sana."

"Ndiyo maana katawala vizuri," Bibi akasema, akamwongezea Anti kitumbua.

Usiku ule nililala na kitabu ubavuni.

Tulipokimaliza, Bibi alitupeleka mji wa kale wa Jeddah kutazama nyumba zenye madirisha ya mbao za kuchonga. Muuza vitu vya kale akaapa kwamba birika lake la shaba ni la enzi za mfalme yule. "Basi lina afya kunishinda," Bibi akamjibu kwa Kiarabu, na muuzaji mwenyewe akacheka.

Mkataba wa Anti ulipokwisha alirudi kwao. Bibi ametangulia mbele ya haki, na nyumba yetu imebomolewa. Makasri ya wafalme yametunzwa hadi misumari ya milango. Chumba chetu hakuna aliyekipiga picha. Nikikitaka hufumba macho, nikamsikia Bibi akiuliza kama yule malkia aliolewa hatimaye, na Anti akimjibu, "Hapana, Mama. Alikataa wote," na wote wawili wakicheka mpaka vitumbua vinaungua.