Nilikatwa tumbo, nikapoteza meno kwa usafi wangu mwenyewe, na zumari nikapiga

Wakuu, nawasalimu nyote. Wenye umri wa wajukuu zangu, marahaba hata kabla hamjanipa shikamoo, maana najua humu wengi mnajificha nyuma ya picha za magari.

Huu ni uzi wangu wa kwanza. Miaka mitatu nasoma tu za wenzangu na kupita kimya.

Ila juzi kuna binti kaandika kwamba alifanyiwa operesheni ya kupunguza tumbo. Kilo zimeshuka, kapendeza, lakini meno yanamomonyoka na haelewi kwa nini. Watu wakamjibu kwa kejeli. Mmoja akamwambia hiyo ni adhabu ya kukataa umbo alilopewa na Mungu.

Iliniuma. Nikasema hili naliandika mimi, na si chai. Ushahidi wangu umo mdomoni, mwenye shaka aje Bagamoyo nimfungulie kinywa ahesabu.

Tuanze taratibu.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa kijana wa miaka ishirini na nne, fundi cherehani, nashona kanzu barazani kwa mama yangu hapa hapa Bagamoyo mjini. Nilikuwa bonge la mtu. Shingo haionekani, mashavu yamejaa. Na mashavu yale yalikuwa na kazi yake, kwa sababu nilikuwa mpiga zumari.

Kwa vijana mliokulia kwenye spika za kukodi: zumari ni ala ya mti ya kupuliza. Ina kilimi cha ukuti mkavu, unakiingiza chote mdomoni, midomo inabana kwa nje. Ukisindikiza bwana harusi hupumziki. Hewa unaivuta puani huku mashavu yanaendelea kusukuma, na sauti haikatiki.

Marehemu baba alinifundisha kwa bua la jani la mpapai na bakuli la maji. Napuliza mapovu, yasikatike mpaka yeye aseme basi. Na mzee yule alikuwa mvivu wa kusema basi.

Alipofariki, zumari yake ikawa yangu. Nawaambia bila haya, kutoka Kaole mpaka Mlingotini hapakuwa na wa kunifikia. Nikijisifu mnivumilie, sababu mtaiona.

Basi vikanianza vidonda vya tumbo. Nikavipuuza, nikawa nakunywa maziwa na kusema vitapoa. Siku moja nimeinamia cherehani, nikatapika damu juu ya kanzu ya mteja. Nikapakiwa kwenye gari la mizigo mpaka hospitali kubwa ya Dar.

Daktari alikata sehemu kubwa ya tumbo, iliyobaki akaiunga na utumbo. Akaniambia nimshukuru Mungu, na tangu siku ile nile kidogo kidogo, mara nyingi, nisijishindilie kamwe.

Nilirudi nyumbani na mwili ukaanza kupukutika. Kanzu yangu mwenyewe niliikata nikaishona upya mara mbili. Waliokuwa wakinitania "bonge" wakawa wananitazama wakinong'ona kwamba nimetupiwa kitu.

Sasa mnatujua watu wa pwani. Mgonjwa akirudi, kila nyumba inaleta sahani. Bi fulani kaleta wali wa nazi, jirani kaleta mkate wa kumimina, na wote wamekaa wanakutazama unavyokula. Ukiacha, umewadharau. Mimi kwa adabu nikawa nakula, kisha nazunguka nyuma ya nyumba natapika chote.

Miezi ikawa hivyo. Nakula, natapika. Ili nisichefukwe, nikawa nashinda na kipande cha ndimu na chumvi shavuni, mchana kutwa, huku nashona.

Na hapa ndipo penye kosa langu, someni vizuri.

Mimi ni mtu wa sala tano. Umetapika, adhana inaita, utasimama safuni na mdomo unaonuka? Kwa hiyo nikitapika tu, mbio kwenye mswaki. Na si mswaki laini huu wenu. Kijiti cha msuwaki, na mkaa uliotwangwa pamoja na chumvi. Nasugua mpaka meno yanalia. Nikitapika mara nne nasugua mara nne, na kabla ya kila sala nasugua tena. Watu msikitini wakawa wananitolea mfano kwa usafi, nami nikajiona.

Siku moja nakata uzi wa kanzu kwa meno, kama kila fundi afanyavyo. Nikasikia kitu kimekatika ambacho si uzi. Kutema kiganjani, kipande cha jino.

Nikasema bahati mbaya tu. Lakini nilipotazama kwenye kioo, meno ya mbele yalikuwa yamekuwa membamba, ya manjano, nchani kama kucha. Maji ya mtungini yakawa yananichoma. Nami nikafanya nini? Nikaongeza kusugua.

Haikupita muda mrefu, manne ya juu mbele yakaondoka. Mawili yalivunjika yenyewe, mawili yaling'olewa.

Kukosa meno ningevumilia. Kilichonimaliza ni zumari. Nikiiweka mdomoni, mdomo wa juu unaingia ndani, pumzi inavuja, sauti inatoka kama mtoto mwenye mafua analia. Nilijaribu siku tatu, ya nne nikaifunga kwenye kitambaa nikaitia sandukuni. Nililia, sifichi. Pesa ya mtu hurudi, lakini ile ilikuwa pumzi ya baba yangu.

Ndipo ikaja posa ya mdogo wangu, Mwanahamisi. Mchumba wa Mlingotini, kijana wa watu, tukakubali. Harusi ikapangwa Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, miezi saba mbele.

Kwa desturi yetu, upande wa bibi harusi ndio unaompokea bwana harusi mwanzo wa mtaa kwa zumari na ngoma, ukamleta mpaka mlangoni. Wakwe wakatuma ujumbe wa heshima sana. Wamesikia kaka wa bibi harusi ni mgonjwa, hivyo wao watakuja na mpiga zumari wao kutoka Pangani, ili kaka asisumbuke.

Nyie mnaona wema hapo. Mtu wa pwani anaona kofi lililopakwa mafuta.

Mama aliwashukuru, akawasifia, akamwagizia mama mkwe mtarajiwa salamu nyingi. Kisha akasema wampumzishe mtu wao wa Pangani, kwa sababu nyumba hii haijaanza kuazima pumzi. Hakuniuliza. Nikasikia nikiwa ndani.

Jioni ile Mwanahamisi akaja akakaa karibu na cherehani. Alikuwa mtu wa maneno machache.

"Kaka, siku hiyo mimi nitakuwa chumbani nimefunikwa, sioni kitu. Nitakuwa na masikio tu. Akipiga mtu mwingine, nitajuaje kama naolewa kwetu?"

Kesho yake nikapanda gari kwenda Dar kutafuta daktari wa meno.

Nilimpata mmoja, mwanamke wa Kihindi, mfupi, miwani minene, kliniki yake ghorofani. Alinitazama kinywani muda mrefu. Kisha akauliza nasafisha meno mara ngapi. Nikamwambia kwa fahari yote: mara nane, tisa kwa siku, na kila nikitapika, papo hapo.

Akavua miwani.

"Basi mwizi wa meno yako ni wewe mwenyewe."

Akanieleza kwa Kiswahili chake cha harakaharaka lakini kilichonyooka. Kinachopanda kutoka tumboni ni kikali, kinalainisha ngozi ya nje ya jino. Ndimu nayo kadhalika. Ukisugua wakati ule, na mkaa na chumvi, unaondoa jino kama unavyoparura ukoko wa sufuria. Nikitapika nisukutue tu, maji yenye magadi kidogo, kisha nisubiri kama saa nzima ndipo nipige mswaki, tena polepole. Ndimu niache. Nile kidogo kama nilivyoambiwa, na anayeniletea sahani nimwambie ukweli.

Nikamuuliza, na sala je? Akasema hilo nikamuulize mwalimu wangu wa dini.

Nikamuuliza kweli. Mwalimu akacheka mpaka akashika mbavu, akasema mswaki ni sunna na dini haijaniamuru kujidhuru. Nisukutue, nisali. Wakuu, mwaka mzima na ushei najimaliza kwa ibada ambayo hakuna aliyenituma.

Meno yaliyobaki yakatulia. Ya mbele ndiyo hivyo tena.

Daktari akakubali kunitengenezea meno manne ya bandia, ila akasema wazi kwamba hayo ni ya kulia chakula na kutabasamu, kwa zumari yeye hajui. Yangechukua muda. Basi wakati nayasubiri nikaitoa zumari sandukuni.

Nikaanza upya kama mtoto. Kila asubuhi baada ya sala naingia shamba la minazi la mama, njia ya Kaole, na bua la mpapai na bakuli la maji. Midomo nikajifunza kuikunja ndani iziegemee fizi. Wiki za mwanzo fizi zilitoka damu. Mwezi wa tatu mapovu hayakatiki. Mwezi wa tano nikaweka zumari, ikatoka sauti. Nzito kuliko ya zamani, ina mkwaruzo kidogo, lakini ni sauti. Wakwezi walikuwa wananisikia huko juu, wakishuka hawasemi kitu, wananipa dafu.

Zikiwa zimebaki siku tatu kufika harusi, meno yakawa tayari. Meupe, yamepangika. Nikatabasamu mbele ya kioo nusu saa nzima. Na kwa kiburi cha ujana nikaamua nitapiga nayo, ili watu wa Mlingotini waone kaka wa bibi harusi hana pengo. Nilijaribu na kioo. Na zumari sikujaribu.

Siku ikafika, baada ya alasiri. Bwana harusi kavaa joho, ngoma zipo, vigelegele vipo, mtaa umejaa. Nikaweka zumari mdomoni, nikaanza.

Balaa. Yale meno yanagongana na kilimi. Sauti nyembamba, inayumba. Nikimeza mate, bamba linaloshika yale meno linataka kushuka kooni. Nikawaona wakwe wanatazamana kwa upole ule ule wa salamu zao. Mpiga ngoma wangu akanikazia macho kama ananiuliza huyu ni nani.

Bahati yangu ilikuwa msikiti. Kwetu msafara wa harusi ukifika karibu na msikiti, ngoma na zumari vinanyamaza mpaka mvuke, kwa heshima. Tukanyamaza. Watu wanatembea polepole, zinasikika nyayo tu.

Katika ukimya ule nikageukia ukutani, nikatoa meno yangu meupe, nikayatia mfukoni mwa kanzu. Nilijua nikiinua uso watu wote wataona pengo. Nikasema na walione.

Tulipouvuka msikiti nikapiga kwa fizi.

Wakuu, sitawaeleza ile sauti, sina maneno. Nawaambia tu kwamba sikukata pumzi kutoka msikitini mpaka mlangoni kwa mama. Kinamama walitoka barazani na kanga zao wakawa wananifuta jasho huku wananitunza. Baba mkwe, yule wa ujumbe wa heshima, alikuja mwenyewe akanibandika noti kwenye paji la uso. Mcheza kwao hutunzwa, lakini mimi siku ile nilitunzwa hata na wa Mlingotini.

Siku ya saba, fungate ilipokwisha, nikaenda kumwona Mwanahamisi. Hakujua habari ya meno, hakuna aliyemwambia. Alinimiminia kahawa, akakaa.

"Mwanzo nilisikia mtu mwingine anapiga," akasema. "Nikalia, nikasema kaka kashindwa, wameleta mtu. Halafu mlipouvuka msikiti, ukaja wewe."

Nimeshavuka sabini na tano sasa. Mwanahamisi ametangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu, na hakuna sifa niliyowahi kupewa inayofikia ile. Yale meno meupe yamo kwenye kopo la sindano za cherehani mpaka leo, na kinywani ninayo kumi na moja ya asili. Hayo yamebaki kwa sababu ya daktari yule wa miwani.

Binti uliyeuliza, kama unasoma, hujaadhibiwa na mtu. Tumbo lililokatwa lina adabu zake. Ukitapika, sukutua na usubiri, mswaki baadaye. Achana na ndimu. Anayekulazimisha kula, mwambie hapana, mwenye mapenzi na wewe hatakasirika. Na nenda kwa daktari wa meno mapema, usingoje kama mimi mpaka jino likatike badala ya uzi. Mkato wa tumbo usiuonee haya, wala pengo, ukiwa nalo.

Haya, jukwaa ni lenu. Mliokatwa tumbo kama mimi leteni yenu tusikie, mwenye swali aulize, mwenye kubisha abishe kwa adabu. Mimi nipo barazani na maji yangu ya magadi, nawasoma mmoja mmoja.