Kokoa ya Bibi Chini ya Nyaya

Wiki iliyopita nilirudi kijijini kwetu Ipyana na mjukuu wangu wa kike, mimi mstaafu nisiye na dereva wala wa kunipigia saluti. Kabla hatujafika nyumbani nikakutana na ile harufu. Jirani amevundika kokoa. Unaijua? Chachu na utamu, na majani ya mgomba yaliyoanza kuoza. Nilisimama njiani nikaivuta hadi mjukuu akaniuliza kama naumwa.

Utotoni harufu hiyo ilituingia mpaka kwenye sare za shule. Bibi alipasua maganda kwa panga, pigo moja tu, nasi tukichota punje na kunyonya ule utelezi mweupe. "Nyonya, usitafune," alisema kila siku, na kila siku alikuwepo aliyetafuna akatema uchungu, tukamcheka. Kisha tulizifunika kwa majani ya migomba, mvua ikipiga bati hadi hatusikilizani. Shamba lake hilo la kokoa ndilo lililonisomesha. Shuleni mwalimu aliwasha balbu ndogo kwa betri mbili za tochi, na moyo wangu ukabaki pale. Nikawa mhandisi wa umeme, na mvi zilipoanza nikakabidhiwa kampuni nzima ya umeme.

Siku moja ikaletwa mezani kwangu ramani ya laini kubwa ya umeme ya kuja kwetu. Ilikata katikati ya shamba la bibi, na chini ya nyaya kama zile hauachwi mti unaopita magoti. Niliwauliza wapimaji kama haiwezi kukunjwa kidogo. Inawezekana, walisema, ila itabidi nyumba ya jirani ibomolewe. Jirani alikuwa mjane mwenye watoto. Nilihangaika na ramani ile siku tatu, mimi mkubwa wao, sikuona pa kupita. Nikasaini.

Nilikwenda mwenyewe kumwambia bibi. Macho yakiwa yamefifia, alinisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa mjukuu wangu, kama wewe umeshindwa, nimwendee nani?"

 

Asubuhi ya kukata miti alipika wali na samaki, mbasa wa ziwani. Nilidhani ni wangu. Kumbe aliwatengea vijana wa misumeno, akawanawisha mikono mmoja mmoja. "Ndaga, asante baba. Kuleni kwanza. Ninyi ni watu wa mjukuu wangu." Walikula wameinamisha vichwa.  Misumeno ilipoanza, alikaa barazani akiutaja kila mti ulioanguka: huu aliupanda babu yako, huu ulikupeleka sekondari.

Bibi hayupo tena. Nyumba yake ina taa, na ya jirani pia, ile iliyopona, inakotoka harufu. Jana mjukuu aliniuliza shamba lenyewe lilikuwa wapi. Nilimpeleka chini ya nyaya, nikazunguka nikitafuta walau kisiki kimoja nimwonyeshe. Sikukipata. Vijana wa kampuni wamefyeka vizuri, kwa utaratibu niliouandika mwenyewe.