Friza ya Mama Pamela Haikuwa na Kosa

Aibu hii nimekaa nayo nikidhani itaisha yenyewe, lakini juzi nimesikia mtu akiisimulia kwa kinyozi, tena anaisimulia vibaya, kwa hivyo afadhali niseme mwenyewe. Mimi ni mwalimu wa fizikia. Nalisema mapema kwa sababu kila aliyenicheka alianzia hapo.

Tunaishi Kaloleni, kwenye safu ya nyumba za zamani zilizobanana hivi kwamba jirani akipiga chafya unamwambia pole ukiwa kitandani kwako. Hobi yangu ni redio, si ya kusikiliza tu, ni ile ya kuongea, unapata leseni na unazungumza na watu wa mbali kupitia waya wa antena, na wangu nimeufunga kutoka kwenye paa hadi mlingoti ulio nyuma ya bafu (mke wangu anauita kamba ya nguo iliyokataa kazi). Redio hiyo hailishwi stima ya ukutani moja kwa moja, inataka kisanduku cha kuipunguza nguvu, pawa saplai, na yangu ya zamani ilikuwa na transfoma kubwa ndani, nzito kama jiwe la kusagia, na ilikuwa inakula nusu ya meza ya chakula. Basi nikaamua, na huu ndio uamuzi mdogo ulioniponza, nikachukua moja ya kisasa, nyepesi kama mkate, ile ya zamani nikaisukuma chini ya kitanda.

Tangu hapo kila nikiwasha redio ni ngrrrr. Nazungusha kitufe inapungua, nakisogeza kidogo inarudi, nakisogeza tena inarudi tena, kama imepanga foleni. Rafiki yangu wa Eldoret, ambaye huwa tunaongea kila Jumamosi, akawa ananisikia vizuri na mimi simsikii, namwambia rudia, anarudia, namwambia rudia, mwisho akaniaga kwa upole kama mtu anayemwacha mgonjwa apumzike. Nikakagua antena. Nikabadilisha waya. Nikapanda paa mara mbili kwenye jua la Kisumu kukaza skrubu ambazo hazikuwa zimelegea. Kitu kimoja tu sikukigusa, kile kipya, kwa sababu kilikuwa kipya (hiyo ndiyo fizikia niliyokuwa nayo wakati huo).

Halafu Mzee Odera, jirani yangu wa upande wa kushoto, akanisimamisha mlangoni.

"Japuonj," akasema, maana walimu wote yeye huwaita hivyo kwa Dholuo, "redio yangu siku hizi inakoroma. Mahubiri sisikii tena."

Redio yake ni ndogo, ya betri, ya kubeba mkononi. Na mimi, badala ya kumpa pole, nikafurahi. Kama kelele iko hata kwa mzee, basi si vyombo vyangu, ni kitu cha mtu mwingine. Nikajiuliza nani ameingiza kitu kipya kwenye safu yetu, na jibu likaja haraka mno: Mama Pamela, mwenye nyumba ya mwisho, ambaye huuza samaki na alikuwa ameleta friza mwezi huohuo.

Jumamosi asubuhi nikaenda kwake. Sikujua (mke wangu anasema aliniambia mara tatu) kwamba siku hiyo ndiyo wageni walikuwa wanatoka Kombewa kuja kumposa Pamela. Nilimkuta mama yake nje, kitambaa kichwani, anamenya viazi kwa haraka.

"Mama Pamela, friza yako inasumbua redio za watu."

"Inasumbua aje na imekaa kwake?"

"Mota yake inatoa mawimbi."

"Mwalimu, leo niko na wageni. Kuja Jumatatu."

Ningeenda Jumatatu leo hii nisingekuwa na la kusimulia. Lakini nikasema ni dakika mbili tu, na kwa sababu ananiheshimu akaingia akaichomoa. Redio yangu nilikuwa nimeiweka dirishani, sauti juu, ili kila mtu asikie ushindi wangu. Ngrrrr. Haikubadilika hata kidogo. Mtu mwingine hapo angeomba radhi aende zake. Mimi nikaeleza kwamba friza hubaki na chaji ndani, tungoje. Tukangoja. Nikamwomba azime meinswichi ya nyumba nzima. Ngrrrr. Nikasema basi labda kelele inapita kwa waya wa jirani, nikahamia jirani, halafu wa pili, na watu wakaanza kutoka, huyu televisheni imekatwa katikati, Baba Tito ana pasi mkononi na shati nusu limenyooka, mpaka nyumba saba zikawa hazina stima na kelele iko palepale.

"Na ya kwako?" Mama Pamela akauliza.

"Ya kwangu haiwezi kuzimwa," nikajibu kwa sauti ya darasani. "Hiyo ndiyo inapima."

Mzee Odera hakungoja maelezo. Alichukua redio yake akaanza kutembea nayo polepole. Kwa Mama Pamela ilikuwa inanong'ona tu. Kwa Baba Tito ikaongezeka. Alipofika chini ya dirisha langu ikalia kama vitunguu vimetupwa kwenye mafuta ya moto. Akasimama. Hakuniangalia.

"Iko hapa," akasema.

Mke wangu, ambaye muda huo wote alikuwa ndani, akanyoosha mkono akazima swichi ya ile pawa saplai mpya. Kimya. Kisha kwenye redio ya mzee mhubiri akatokea, wazi kabisa, yuko katikati ya sentensi. Akawasha, ngrrrr. Akazima, mhubiri. Nikamwambia basi, tumeelewa. Akarudia mara moja zaidi, na ninaamini ya mwisho ilikuwa ya raha zake.

Nilipogeuka ndipo nikawaona wageni wa Kombewa. Wazee wanne wamevaa makoti na akina mama wameshika vikapu, wamesimama nyuma ya watu sijui tangu lini, hakuna aliyewasalimu.

Mmoja wao akauliza kwa adabu, "Huyu ndiye fundi wa stima?"

Mama Pamela bado alikuwa na kisu cha viazi mkononi, kitambaa kimeteleza, wakwe wanamwona kwa mara ya kwanza akiwa hivyo. "Hapana, Mzee," akasema. "Huyu ni mwalimu wa fizikia. Yeye ndiye kelele."

Wakaingia ndani, majirani wakaenda kuwasha swichi zao, nikabaki peke yangu na waya wangu. Na kinachonikera mpaka leo ni kwamba betri ya gari, nzima, imejaa, ilikuwa chini ya meza yangu siku zote hizo. Ningeunganisha redio na betri, nizime nyumba yangu, ningejua kwa dakika moja bila kumsumbua mtu.

Jioni nilifungua kile kisanduku. Mahali pa koili za kuzuia kelele mtengenezaji alikuwa ameruka, akaunganisha kipande cha waya tu. Nikazungusha waya zake kwenye pete nyeusi nilizotoa kwenye nyaya za kompyuta zilizokufa, kelele ikapungua lakini haikuisha, nikachoka nacho nikakifungia kabatini.

Jumapili nikaenda kuomba msamaha. Mama Pamela alinipokea mlangoni, kiti hakutoa.

"Walikubali," akaniambia. "Lakini usidhani ni kwa sababu yako."

Nimeapa kwamba kelele ikisikika tena, nyumba ya kwanza kuzimwa ni yangu, na kabla sijamaliza hapo sigongi mlango wa mtu. Na mambo ya mawimbi sitamweleza jirani yeyote mpaka aniulize mwenyewe. Tangu siku hiyo hakuna aliyeniuliza.